Kadi ya grafiki iuzwe kwa jina lake kamili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wauzaji wa vifaa vya kompyuta, na pia na wanunuzi wenzangu, hasa wapiga picha na vijana wa gemu. Mimi ni mama mwenye studio ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Siku za kazi napiga passport saizi na picha za vyeti. Kuanzia Ijumaa ni harusi, maulidi, kipaimara na send-off. Kompyuta yangu ya mezani inaingia zamu mbili. Mchana nasafishia picha za wateja, na usiku mtoto wa dada yangu, ninayekaa naye na ambaye ndiye fundi wangu, anachezea mpira wa EA Sports FC na wenzake mpaka nipige kelele. Kadi ya grafiki, yaani kile kifaa cha ndani kinachochora picha za skrini, ni moja, kazi mbili, na mlipaji ni mimi.

Ombi langu ni fupi: kadi iuzwe kwa jina lake kamili, na jina hilo liandikwe kwenye risiti. Maelezo ndiyo marefu, utaniwia radhi.

Ukiingia duka la kompyuta, Kariakoo au hapa kwetu, ukasema unataka kadi ya grafiki, swali la kwanza ni "ya GB ngapi?" Ukisema nne, unaletewa ya nne. Ukisema nane, bei inapanda. Biashara imekwisha. Hakuna anayekuuliza kompyuta yako ni ipi, pawa saplai yake, kile kisanduku cha kugawa umeme, ina wati ngapi, au kadi yenyewe unaitakia kazi gani. GB ndizo zimekuwa kipimo cha kila kitu, na hapo ndipo mnunuzi anapoliwa. GB za kadi, yaani memori yake, ni ukubwa wa ghala tu. Hazikwambii mzigo unaingia na kutoka kwa kasi gani, wala ndani mna vibarua wangapi.

Chukua GT 1030, kadi ndogo ambayo bado imejaa madukani. NVIDIA, kampuni ya Marekani inayobuni chipu za kadi, waliitoa mwaka 2017 ikiwa na memori ya aina ya GDDR5. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, jina lilelile, GB 2 zilezile, ila memori yake ni DDR4. Ya kwanza inapitisha data GB 48 kwa sekunde. Ya pili haifikishi hata 17. Kwenye rafu zinakaa pamoja, bei moja, na muuzaji ukimuuliza tofauti anakujibu kwamba hii ina feni na ile haina.

Au RTX 3060, ambayo ndiyo nimeishia kuinunua mimi. Ilipotoka Februari 2021 ilikuwa na GB 12. Mwishoni mwa 2022 ikatoka RTX 3060 ya GB 8, na watu wengi wakadhani kilichopungua ni zile GB nne tu. Kumbe hata njia ya kupitishia data ilikatwa kutoka biti 192 hadi 128, kwa hiyo kasi ya memori imeshuka kwa theluthi. RTX 3050 nayo iko ya GB 8, ya mwaka 2022, na ya GB 6, ya mwaka 2024, na hii ya pili ina viini, wale vibarua wa ndani, vichache zaidi. Kwa upande wa AMD, washindani wa NVIDIA, kuna RX 580, kadi ya mwaka 2017 ambayo vijana wanaipenda kwa sababu ni GB 8 na bei yake inafikika. Ile kamili ina viini 2304. Nyingi zinazoletwa kutoka China ni "2048SP", na namba hiyo ndiyo idadi ya viini ilivyo navyo. Boksi limeandika kwa herufi ndogo pembeni, na tangazo la mtandaoni haliandiki kabisa. Kwenye laptopu mambo ni mazito zaidi: RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa umeme wa wati 35 au 115, kadiri mtengenezaji alivyoamua, na stika ya mbele ni ileile.

Kuna watakaosema haya ni manung'uniko ya mama wa Tanga. Basi wawatazame wanunuzi wa Marekani. Septemba 2022 NVIDIA walitangaza RTX 4080 mbili, moja ya GB 16 na nyingine ya GB 12. Waliochambua wakaona kwamba ile ya GB 12 ina chipu nyingine kabisa, ndogo zaidi, ila imebandikwa jina la kaka yake. Kelele zikapigwa. Mwezi uliofuata, kabla haijafika dukani, kampuni ikaiondoa na kukubali kwamba majina yanachanganya, na Januari 2023 ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti. Kabla ya hapo kulikuwa na GTX 970 ya mwaka 2014, iliyoandikwa GB 4 huku nusu GB ya mwisho ikienda polepole sana. Wanunuzi wa Marekani wakaenda mahakamani, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kuwalipa dola 30 kwa kila kadi. Walichokuwa nacho mkononi ni boksi na risiti vilivyoandika walichouziwa. Sisi tuna nini?

Nitakwambia tuna nini. Kijana mmoja anayejifunza kupiga picha kwangu aliagiza kadi kutoka duka moja la Dar es Salaam, ambalo silitaji, akalipa kwa simu, mzigo ukaja kwa basi. Boksi jeusi zuri, plastiki haijafunguliwa, imeandikwa GTX 1050 Ti 4GB. Akaileta studio tumfungie. Mtoto wa dada yangu akaigeuza nyuma, akaitazama kwa muda, akasema, "Mamdogo, hii ina tundu la VGA." Mimi sikuelewa neno. Akanieleza kwamba kuanzia familia ile ya GTX 10, iliyotoka mwaka 2016, NVIDIA walishaachana na VGA, ile njia ya zamani ya kuunganisha monita. Ukiliona lile tundu la bluu lenye matundu kumi na tano madogo kwenye kadi inayojiita 1050 Ti, shtuka.

Tukaichomeka. Kompyuta ikawaka vizuri tu, na kwenye Windows ikasomeka GTX 1050 Ti, GB 4. Mtu angeweza kuridhika hapo. Mtoto wa dada yangu akafungua programu ya GPU-Z, ya bure, inayotolewa na TechPowerUp. Tangu mwaka 2018 programu hiyo inatambua kadi zilizobadilishwa, na mbele ya jina ikaandika FAKE ndani ya mabano. Chipu ya ndani ilikuwa ya GTS 450, kadi ya mwaka 2010. Mafundi wa huko inakotoka wanaingiza programu mpya kwenye kijichipu cha kadi ili ijitangaze kwa jina jingine na ukubwa mwingine wa memori. Ukiandika barua au ukiangalia video haikusumbui. Ukifungua gemu au faili kubwa la picha, kompyuta inaomba zile GB ambazo hazipo, na skrini inageuka mistari ya kijani au inazima kabisa.

Tulimpigia muuzaji. Mwanzo alikuwa mpole, kisha akasema kijana ameiunguza mwenyewe. Tukamwambia tatizo letu si kuungua, tatizo ni kwamba si kadi aliyoiuza. Akajibu, "Kwani risiti imeandikaje?" Tukaitoa. Ilikuwa risiti halali ya EFD, ile mashine ya kodi, yenye tarehe, saa na kodi, na mahali pa bidhaa imeandikwa "computer accessories", idadi 1. Chini kulikuwa na muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Mhariri, pale ndipo nilipoona kwamba ule wito tunaousikia kila siku, ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti, umetufikisha nusu ya njia. Kijana alidai risiti na akapewa. Serikali imepata kodi yake. Yeye hana pa kushika.

Sasa niseme na wapiga picha wenzangu, maana na sisi tuna lawama. Tunaingia dukani hatujui tunatafuta nini, halafu tunanunua kwa kusikia.

Kazi yetu nyingi haihitaji kadi kubwa. Kukata picha, kufuta chunusi, kurekebisha mwanga, kubadilisha bakigraundi ya passport, hayo yanategemea zaidi prosesa, RAM (memori ya kompyuta yenyewe) na SSD (diski ya kasi isiyozunguka). Adobe wenyewe wanasema Photoshop inaanza kuridhika na kadi yenye memori ya GB 1.5, na GB 4 ni kwa wenye skrini za 4K. Kama kompyuta yako bado ina RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka, usiende kununua kadi. Ongeza RAM ifike 16 au zaidi, weka SSD, ndipo urudi kutazama kama bado unalalamika. Wengi hawatarudi.

Kadi inaingia kazini ukianza kucheza na Liquify, ile ya Photoshop ya kuvuta na kubadili maumbo, ukivuta picha kubwa mbele na nyuma, au ukitoa picha nyingi kwa pamoja kutoka Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kusafisha picha, ambayo tangu Juni 2022 inaweza kuitumia kadi wakati wa kutoa. Lakini kilichobadilisha hesabu yangu ni kitu kimoja tu. Aprili 2023 Adobe walileta kwenye Lightroom ile Denoise ya akili mnemba, inayoondoa chenga kwenye mafaili ya RAW, yaani picha ghafi za kamera.

Anayepiga harusi za huku anajua ninachosema. Ukumbi una taa za zambarau na buluu, MC anataka giza ili taa zake zionekane, mama wa bwana harusi hataki flashi machoni. Napiga na Nikon D750 kwa ISO 6400, yaani kamera nikiilazimisha kuona gizani, na pale suti nyeusi ya bwana harusi inajaa chenga mpaka inaonekana kijivu. Denoise inazifuta, na nyuzi za kitambaa zinabaki. Mikono ya bibi harusi ndiyo mtihani. Programu inakuja imewekwa 50. Ukiipandisha hadi 80, ile mistari myembamba ya hina kwenye vidole inaanza kuyeyuka na kushikana, na ngozi inakuwa kama ya mwanasesere. Mimi naishusha, 30 hadi 40, na kwenye piko nyeusi naweza kupanda kidogo kwa sababu mstari wake ni mkali. Mteja akilipia hina ya siku nzima, anataka kuiona.

Kadi yangu ya zamani ilikuwa GTX 1650 ya GB 4. Picha moja ya megapikseli 24 ilichukua zaidi ya dakika moja na nusu. Chagua picha mia za harusi moja, piga hesabu: saa mbili na nusu kompyuta imeshikwa, feni zinalia, na wewe huwezi kuigusa. Kwa RTX 3060 picha hiyohiyo haimalizi sekunde ishirini, mia zinaisha kwa nusu saa hivi. Sababu inajulikana. Kadi za NVIDIA za RTX, zilizoanza kutoka mwaka 2018, zina viini maalumu vya hesabu za akili mnemba vinavyoitwa Tensor, na Denoise inavitumia. GTX 1650 na GTX 1660 havimo, hata ukiongezewa GB. Hili hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza, na wala halimo kwenye swali la "GB ngapi".

Kuna uvumi mwingine unaowala wapiga picha: kwamba ili upate rangi za kweli lazima ununue Quadro, zile kadi za wachoraji majengo, ambazo za mtumba zimezagaa. Miaka ya nyuma kulikuwa na ukweli kidogo, kwa sababu kwa NVIDIA, Photoshop ilionyesha rangi za biti 10 kwa kila chaneli kwenye kadi hizo tu. Julai 2019 NVIDIA wakatoa draiva (programu ya kuendeshea kadi) ya Studio iliyoruhusu jambo hilo kwenye GeForce, kadi zao za kawaida. Uvumi haujafa hadi leo. Na hata hivyo, ukiwa na monita ya ofisi iliyochoka, ambayo ukiinama kidogo uso wa mtu unageuka, hakuna kadi duniani itakayokusaidia. Fedha ya Quadro nunua monita ya IPS, isiyogeuza rangi ukiinama, isawazishe rangi zake, ndipo gauni la krimu kwenye picha litakaporudi kutoka kuchapwa likiwa krimu na si njano ya kitunguu. Nimemaliza hilo.

Upande wa gemu nitapita haraka kwa sababu hapo bingwa si mimi. Monita yetu ni ya 1080p, inabadilisha picha mara 75 kwa sekunde. Kadi ikitoa fremu 200 kwa mpira, zote zaidi ya 75 macho hayazioni. Mtoto wa dada yangu alinitajia RTX 4070, nikamwonyesha monita, akanyamaza. Kwa anayecheza tu na hahariri picha, RX 6600 ya AMD, iliyotoka Oktoba 2021, inatosha 1080p kwa raha na inakula wati 132 tu. Nayo RTX 4060 ya mezani, ya mwaka 2023, inakula 115. Kwa nini basi sikuchukua hiyo ambayo ni mpya zaidi na ina viini vya Tensor pia? Kwa sababu ya zile GB 12. Mchana Lightroom na Photoshop zote ziko wazi pamoja na skrini ya pili, na gemu mpya nyingi zinajaza GB 8 kirahisi ukiweka picha kwenye kiwango cha juu. Kwa hiyo ndiyo, GB zina maana yake, ila zinakuja baada ya kujua ni kadi gani. Kuna pia Arc B580 ya Intel, ya Desemba 2024, GB 12 kwa bei ya kuanzia dola 249 kule Marekani. Inavutia kwenye karatasi, lakini inataka mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenye Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mpigo, na kompyuta nyingi tunazotumia huku hazina.

Hapo ndipo nataka wauzaji wasikilize vizuri zaidi. Kompyuta za mezani za wengi wetu ni mtumba wa maofisi ya Ulaya. Dell OptiPlex 7010 iko kila mtaa. Ile ya wima ina pawa saplai ya wati 275, ile nyembamba wati 240. RTX 3060 peke yake inataka 170, na NVIDIA wanashauri pawa saplai ya 550. Muuzaji anakuuzia kadi, halafu anakuongezea adapta ya elfu tano ya kugeuza plagi ya diski iwe plagi ya kadi, na anakuaga kwa tabasamu. Nimeona plagi ya namna hiyo imeyeyuka mpaka pini zimegandana. Wengine wanafikiri watabadilisha pawa saplai tu. Kwenye OptiPlex 9020 Dell waliacha plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi wakaweka ya pini 8, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii bila kebo maalumu ya kugeuzia. Na lile boksi jembamba linapokea kadi fupi za nusu kimo tu.

Mwenye boksi la ofisi asiyetaka kubadilisha kila kitu atafute kadi inayokula umeme wa slotini, pale inapochomekwa kwenye mazabodi, peke yake, usiozidi wati 75. GTX 1650 nyingi ziko hivyo, na RTX 3050 ya GB 6, ambayo nimeisema vibaya hapo juu, inakula 70 na ina Tensor. Kwa huyo mtu, ile dhaifu ndiyo inayomfaa, ili mradi ajue anayonunua ni ipi na alipe bei yake. Mimi nilibadilisha boksi, mazabodi na pawa saplai, na gharama hiyo ilikaribia bei ya kadi yenyewe. Stabilaiza na UPS niliongeza baadaye, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya Denoise unaanza upya.

Kadi yangu ni ya mtumba, na siioni aibu. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba, yaani kupiga hesabu za kupatia sarafu, kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi mno zilizokuwa zikichimba zikamwagwa sokoni kwa mpigo. Baadhi zimefika huku. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini imefanya kazi usiku na mchana kwenye joto, na vinavyoumia kwanza ni feni na zile pedi za kupoza memori. Itazame kwa tochi: pedi zilizochoka zinatoa mafuta, yanateremka kwenye bodi na kukamata vumbi. Zungusha feni kwa kidole usikie kama inakwaruza. Angalia skrubu kama zimeshafunguliwa. Halafu omba iwashwe mbele yako, GPU-Z ifunguliwe, jina na memori vilingane na tangazo, na gemu au programu ya kuipima iendeshwe robo saa huku mkitazama joto. Duka niliponunua walinikubalia bila kununa. Kwingine waliniambia hawana mashine ya kujaribia, nikawaambia nami sina fedha ya kujaribia.

Mkono wa haki una pande mbili. Nimezungumza na wauzaji, na baadhi yao wanasema hata wao hawajui wanachokipokea. Mzigo unakuja umechanganywa, maboksi yamebadilishwa njiani, na kijana wa kaunta ameajiriwa kwa kujua bei. Naelewa. Lakini kufungua GPU-Z hakuzidi dakika moja, na dakika hiyo itamlinda muuzaji pia, kwa sababu ataweza kumrudishia aliyemletea. Wengine wanasema mashine ya EFD haina nafasi ya maneno marefu. Basi aandike nyuma kwa kalamu na apige muhuri. Kinachotakiwa ni mstari mmoja: GeForce RTX 3060, GB 12, GDDR6, imetumika, serial namba hii, muda wa garantii huu. Kwa RX 580 aandike kama ni 2304 au 2048SP. Kwa GT 1030 aandike DDR4 au GDDR5. Kwa laptopu aongeze wati za kadi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani, FCC, imezoeleka kwa kukamata bidhaa bandia kama nguo, betri na vipuri. Kadi iliyobadilishwa jina kwa programu ni bandia ileile, ila ubandia wake uko ndani na hauonekani kwa macho. Naiomba Tume ilitazame hili, na nawaomba wanunuzi walipeleke kwao wakiwa na risiti yenye jina, picha ya GPU-Z na boksi. Kwa risiti ya "accessories" hata wao watapata shida kumsaidia mtu.

Na wewe Mhariri nakuomba kitu kidogo. Matangazo ya kompyuta yanayochapishwa kurasa za ndani yameandika "graphics 4GB" na bei. Wanaotangaza waambiwe waandike jina la kadi. Nafasi ya maneno mawili ipo.

Kama kuna duka Dar, Moshi au hapahapa Tanga litakaloanza kuandika mstari ule kwenye kila risiti, litujulishe kupitia ukurasa huu. Wapiga picha huku tuko wengi, msimu wa harusi kuanzia Mfungo Mosi hautoi nafasi ya kubahatisha, na nauli ya basi kwenda Dar tunayo.

Wako,

Mama wa studio,
Ngamiani, Tanga